Mikono ya Winchi

Mtu akikuambia kwamba kazi ya mayai ni kazi ya kitoto, mwachie trei moja ya mayai thelathini kwa nusu saa tu, kisha urudi umwulize tena. Mama Mayai aliifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa katika duka lile lile kubwa la vyakula, kwenye kona ile ile kati ya rafu za maziwa na mlango wa stoo, na kwa muda wote huo hakuna mteja aliyerudi kumlalamikia yai bovu. Si kwamba alikuwa na macho ya ajabu. Alikuwa na masikio. Alichukua mayai mawili, moja kila kiganja, akayagonganisha kwa upole mno, akasikiliza. Yai zima lilitoa mlio mkavu na mfupi. Yai lenye ufa, hata ule ufa mwembamba kuliko unywele, lilitoa mlio wa kuzubaa, kama mtu aliyeamshwa ghafla. Hilo aliliweka kando, akachukua jingine. Trei nzima aliimaliza huku akipiga soga na wateja, na hakukosea.

Mayai ya ufa yalikuwa na sheria yake, ambayo haikuandikwa popote. Hayakuuzwa. Yaliwekwa kwenye beseni la bluu chini ya meza, na kabla ya duka kufungwa wafanyakazi waligawana: leo huyu, kesho yule, mwenye mgonjwa akifikiriwa kwanza. Mwenye duka wa zamani ndiye aliyeanzisha desturi hiyo. Alikufa, duka likabadilisha wenyewe mara mbili, beseni likabaki. Na kwa kuwa Mama Mayai ndiye aliyeamua yai lipi lina ufa na lipi halina, wenzake walijaribu mara nyingi kumlainisha. Walimwita mrembo, walimwita shangazi, mmoja aliwahi kumwita malkia. Haikusaidia. Yai zima halikuingia kwenye beseni. "Halijanikosea kitu," alizoea kusema, "kwa nini nilisingizie?"

Aliyemletea trei kutoka kwenye lori alikuwa wifi yake, mdogo wa mwisho wa mumewe. Huyu alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega mapana na mikono iliyojaa, na alibeba trei sita kwa mpigo, kidevu kikishikilia ile ya juu, akaupita mlango wa stoo kwa ubavu bila kugusa fremu. Wengine walibeba mbili mbili na bado walitembea kama wanaokanyaga miiba. Basi wakamwita Winchi, na yeye akalipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi. Ukimwuliza ataolewa lini, alijibu, "Akija wa kubebeka nitawaambia." Mama Mayai ndiye aliyemwombea kazi pale miaka saba iliyopita, na hakuwahi kujuta.

Mume mwenyewe alikuwa fundi wa makochi. Mtaa mzima walimwita Fundi, na nusu ya mtaa huo ilikuwa imekalia kazi yake. Miaka miwili kabla ya habari hii, kiharusi kilimkuta akiwa amepiga magoti na misumari midogo mdomoni. Alirudi kutoka hospitali upande mmoja wa mwili umelala, maneno yamebaki ya kuhesabika, na koo limesahau kazi yake. Nesi aliwaita wanawake wote wawili, mke na dada, akawafundisha jinsi ya kumlisha: kijiko kidogo, akiwa amekaa wima, bila haraka, na maji ndiyo ya kuogopwa kuliko chakula. "Akipaliwa," nesi alisema, "msikimbilie jirani, msitafute simu. Mwinueni kwanza. Mwinamisheni mbele, mpigeni mgongoni. Dakika ile ya kwanza ndiyo yote." Winchi alicheka. Kumwinua kaka yake kwake haikuwa kazi. Alipitisha mkono mmoja chini ya kwapa, akamkalisha kitandani kama mtu anayenyoosha mto, huku akimtania, "Kaka, umenenepa wewe au dunia ndiyo imekuwa nzito?" Fundi alicheka kwa nusu ya uso iliyokuwa bado yake.

Chakula kilikuwa vita. Viazi vilivyopondwa alivitema. Wali uliolainishwa aliutema. Samaki aliyesagwa alimfumbia mdomo kabla hajafika. Kitu kimoja tu alikikubali: mayai yaliyopigwa na maziwa kidogo, yakapikwa kwa mvuke mpaka yakashikana lakini bado yanatetemeka. Mawili asubuhi, jioni mengine akipenda. Kwa hiyo beseni la bluu lilikuwa limemwangalia Fundi kwa miaka miwili, na hakuna mfanyakazi aliyenung'unika, maana wengi wao walikuwa wamelalia magodoro aliyoyashona.

Kisha kuku wakaanza kufa.

Ilianza kama habari ya redioni, ya mahali pengine. Ugonjwa umeingia mabandani, wafugaji wanachimba mashimo na kufukia kuku kwa maelfu, wazima na wagonjwa pamoja, ili usienee. Watu walisikiliza kama wanavyosikiliza habari za mafuriko ya wenzao. Halafu lori lililokuja kila siku likawa linakuja mara mbili kwa wiki, halafu mara moja, na lilipofika lilikuwa na nafasi ya kuchezea mpira. Bei ikapanda, ikapumzika siku mbili, ikapanda tena. Wahenga walipotaka kutaja kitu kisichopatikana walisema ni maziwa ya kuku. Hawakujua kwamba ipo siku yai nalo litafuata njia hiyo hiyo.

Dukani walibandika karatasi: nusu trei kwa kila familia. Ndipo Mama Mayai alipoona vituko. Bibi mmoja alinunua akiwa na miwani, akatoka, akarudi bila miwani, akamsalimu upya kama mgeni. Baba mmoja mwenye heshima zake alikutwa ameficha trei nyuma ya karatasi za chooni, arudi jioni kuichukua. Mwingine alisimama mbele ya kibao cha bei, akakisoma mara mbili, akauliza, "Mama, hawa kuku wana shahada?" Watu wa foleni walicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi, na waliokuwa nyuma walikuwa wanahesabu trei zilizobaki.

Meneja, kijana mwenye adabu na usingizi mdogo, akaja na agizo kutoka juu. Mayai ya ufa hayagawanywi tena. Atayachukua mwoka keki, yote. Yale tu yaliyovuja, ambayo hayawezi kuuzwa kwa yeyote, yatatiwa kwenye ndoo na kutupwa. "Samahani, mama," alimwambia Mama Mayai, na alikuwa anamaanisha. Beseni la bluu likapelekwa kwa wafagizi. Wafanyakazi hawakuruhusiwa kununua mpaka wateja waishe, na siku hizo wateja hawakuisha, yaliisha mayai.

Hapo ndipo chupa ya jemu ilipoingia kwenye mkoba wa Mama Mayai. Ilikuwa chupa ya mdomo mpana, imeoshwa ikang'aa. Yai lililovuja njiani alilifungulia humo, ute na kiini, na ganda akalitupa kwenye ndoo. Jioni alifunga kifuniko, akaizungushia kitambaa, akaenda nayo nyumbani. Hakuona dhambi hapo, na mimi siioni. Kitu kinachokwenda jaani si cha mtu. Fundi alikula, Winchi alikwangua bakuli kwa kijiko akamrambisha tone la mwisho, siku ikapita.

Lakini mayai yalipokuwa ghali, dereva naye akawa mwangalifu. Aliendesha lile lori kana kwamba amempakia mama yake mzazi. Siku moja mzigo ulifika mzima kabisa, hata yai moja halikuwa limevuja. Mama Mayai aliupanga wote kwenye rafu na chupa ilikuwa tupu mkobani. Jana yake Fundi alikuwa ametema viazi mara tatu, na mara ya tatu alilia, kwa sababu na yeye alikuwa na njaa. Mama Mayai alichukua yai. Kuna watakaosema mkono uliteleza. Haukuteleza. Alibonyeza kidole gumba mpaka ganda likaingia ndani, akainamia chini ya meza, akalifungulia kwenye chupa. Kisha akachukua la pili.

Bandu bandu huisha gogo. Mawili kwa siku, kisha matatu, ili yawepo ya Jumapili, siku duka linapofungwa. Mwanamke ambaye hakuwahi kulisingizia yai ufa alikuwa sasa anautengeneza kwa kidole chake mwenyewe, na jambo lililomshangaza ni jinsi lilivyokuwa jepesi. Hakuna aliyemtazama. Nani angemtazama? Yeye ndiye aliyekuwa akiwatazama wengine.

Ila ndoo haikuweza kufumba mdomo. Maganda yaliongezeka. Meneja alikuja kuichungulia jioni moja, ameshika pua, maana maganda ya mayai yakikaa hayana manukato. Hakugundua kwamba maganda ni makavu mno kwa mayai yanayodaiwa kuvuja. Aliona wingi tu.

"Mama," alisema, "nikuulize wewe kwa sababu ndiye mjuzi. Haya yanavunjikia kwenye lori au yanapobebwa?"

Lilikuwa swali la heshima. Mtu anaweza kukuangamiza kwa heshima kama hiyo. Mama Mayai aliligeuza haraka kichwani. Akisema ni lori, dereva atataka trei zifunguliwe pale pale mlangoni mbele ya macho ya wote, na zitakutwa nzima. Akisema hajui, miaka kumi na tisa itamcheka. Alikuwa na sekunde mbili, na ndani ya sekunde hizo alimwona Fundi akiufumba mdomo.

"Yanapobebwa," alisema.

"Anayebeba si wifi yako?"

"Ndiye. Amechoka tu, baba. Mhamishie kwenye sabuni. Kule hata kikianguka hakivunjiki."

Meneja aliitikia kwa kichwa. Na Mama Mayai, nataka mlielewe hili kabla hamjamhukumu, alirudi nyumbani siku hiyo akiamini amempatia wifi yake kazi nyepesi zaidi. Alishajiona akimtania kwamba sasa atanukia vizuri. Alikuwa anafikiri kwa kipimo cha duka la zamani, la mwenye beseni la bluu, ambapo mtu akikosea alihamishwa rafu. Hakujua kwamba agizo kutoka juu lilikwishasema kila anayeharibu mayai aondoke, na kwamba meneja alikuwa akitafuta jina la kuandika.

Ijumaa Winchi aliitwa ofisini. Alitoka na barua, aproni ameikunja vizuri kama ya kurudishwa dukani, akaenda moja kwa moja kwenye kona ya mayai.

"Wifi, wamenifukuza."

Mama Mayai alishika ukingo wa meza. "Wamekufukuza? Hawakukuhamisha?"

"Kunihamisha wapi? Eti nina mikono mizito." Alijaribu kucheka. "Nikawaambia, mimi? Mimi Winchi? Wakanionyesha ndoo. Wifi, imejaa. Nimeyaona maganda kwa macho yangu. Kumbe siku zote hizi nilikuwa navunja, na sijui."

Pale ndipo palikuwa mahali pa kusema. Duka lilikuwa na watu wachache, meneja alikuwa hatua ishirini kutoka pale, na maneno yenyewe hayakuzidi kumi. Mama Mayai alifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Pole, wifi."

Pole! Neno la kumpa mtu aliyejikwaa kidole.

Kuanzia Jumatatu iliyofuata kidole gumba cha Mama Mayai kilikoma. Kilibidi kikome. Mayai yangeendelea kuvunjika wakati Winchi hayupo, hata mtoto angejua nani anayavunja. Ndoo ikabaki kavu, na ukavu wa ndoo ukawa ushahidi. "Mmeona?" walisema wapakia mizigo, wale wa mbili mbili. "Kumbe kweli alikuwa yeye." Mama Mayai alisikia, akaendelea kugonganisha mayai. Kwa hiyo mkipiga hesabu yake, alimpoteza wifi kazini na mayai yenyewe hakuyapata.

Aliyeyapata alikuwa Winchi. "Kila jambo na heri yake," alisema, "sasa nitamwangalia kaka mchana kutwa." Binti wa jirani aliyekuwa akishinda na mgonjwa akaambiwa ahsante. Winchi aliamka alfajiri, akaenda kupanga foleni kwenye maduka ya mbali kwa saa mbili au tatu, akarudi na mayai manne au matano ndani ya kilemba. Alirudi kwa miguu njia nzima. Mama Mayai alipomwuliza kwa nini asipande gari, alijibu, "Nitayavunja, wifi. Unanijua." Alisema hivyo bila uchungu wowote, kama mtu anayetaja urefu wake.

Mama Mayai aliyapika mayai hayo. Aliyapiga na maziwa, akayaweka kwenye mvuke, akasimama mbele ya jiko akiwa amempa mlango mgongo.

Halafu akaanza kuona mengine. Winchi sasa alishika kikombe kwa mikono miwili. Akikiweka mezani, alikisukuma ndani kidogo, akakitazama, akakisukuma tena. Sahani hakuziosha, alizifuta tu zikiwa mezani. Nyumba ya pili alikaa mwanamke mshonaji nguo, aliyekuwa na mtoto wa miezi minne, na asubuhi moja alikuja na mtoto huyo mkononi.

"Mama mkubwa, nishikie huyu nianike nguo."

Winchi alikuwa ameketi kwenye kigoda. Aliingiza mikono yote miwili chini ya mapaja yake, akaikalia. "Mlaze pale kwenye mkeka," alisema. "Nitamwangalia kwa macho."

"Anataka kubebwa, siyo kuangaliwa!"

"Mimi mikono yangu haifai, mwanangu. Siku hizi inaangusha vitu."

Haikuwa imeangusha kitu chochote. Mama Mayai aliyasikia hayo akiwa mlangoni, mkoba begani, akielekea kazini. Aliahidi moyoni kwamba jioni atasema. Jioni ikafika, wakakaa mezani, akasema, "Wifi, kuna jambo." Na Winchi akamkatisha, macho chini: "Najua. Umejizuia kuniambia. Wewe ndiye uliyeniombea kazi pale, nami nimekuaibisha mbele ya watu. Nisamehe, wifi yangu." Unamjibuje mtu anayekuomba msamaha kwa kosa lako? Mama Mayai alisema hakuna cha kusamehe. Hilo lilikuwa kweli, na alilitumia kama kifuniko.

Msiniambie alikuwa na roho mbaya. Roho mbaya ingekuwa rahisi zaidi. Aliogopa kwamba Winchi akijua ataondoka, na nani atakwenda foleni, na Fundi atakula nini. Hayo ndiyo aliyojiambia. Chini ya hayo palikuwa na aibu tu, aibu ya mwanamke aliyesifiwa miaka kumi na tisa kwa kitu kimoja. Mficha uchi hazai, na yeye aliuficha kila siku, akiufunika kwa kesho.

Mwisho Winchi akaacha kumwinua kaka yake. Alimwita mshonaji nguo aje wasaidiane, mmoja huku, mwingine kule. Mara ya kwanza Fundi alimtazama dada yake kwa mshangao. Alimnyooshea ule mkono wake mzima, kama alivyozoea, akisubiri kupitishiwa mkono wa kwapani. Winchi alirudi nyuma. "Nitakuangusha, kaka. Ngoja mwenzangu aje." Fundi alihangaika na ulimi wake muda mrefu. "Mi-kono," alisema. "Mi-zi-ma." Alikishika kidole cha dada yake akakitikisa, akarudia, jasho likimtoka. "Mizima." Winchi alimpapasa kichwa, akamwambia alale. Kisha Fundi aligeuza macho kwa mkewe, akayaacha hapo. Sijui alijua nini. Mama Mayai naye hakujua, na hakuthubutu kumwuliza mtu ambaye angechukua robo saa kujibu.

Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi. Mayai yalikuwa yameanza kurudi kidogo, na Mama Mayai alikuwa anafungua trei ya tatu alipoitwa kwenye simu ya kaunta. Ilikuwa sauti ya mshonaji nguo, na haikumalizia sentensi hata moja.

Habari yenyewe aliipata kamili baadaye. Fundi aliomba maji. Winchi alimpa kwa kijiko, kidogo kidogo, kama nesi alivyofundisha. Kijiko cha tatu kikampalia. Akakohoa, kisha kikohozi kikakata, macho yakamtoka. Winchi alinyoosha mikono. Aliirudisha. Akakimbia nje kumwita mshonaji nguo, na mshonaji nguo alikuwa ameenda bombani. Akakimbilia mlango wa tatu, akapiga, akapiga. Mpaka watu wawili walipoingia chumbani na kumwinua Fundi, huku na kule, kwa uangalifu mkubwa, alikuwa hahitaji tena kuinuliwa.

Watu walikuja wengi. Walikalia makochi aliyoyatengeneza yeye, na walioleta viti vya kuazima waliviacha uani. Wenzake wa dukani walikuja, meneja alikuja, akampa Winchi mkono, na Winchi akampa ncha za vidole tu. Mama Mayai alipokea pole za kila mtu. Kila pole ilimkumbusha ile moja aliyoitoa yeye.

Siku ya nne baada ya mazishi nyumba ikawa kimya. Wageni wa mwisho waliondoka mchana. Vikombe vya kuazima vilikuwa vimejaa kwenye karo, na Mama Mayai aliviosha, akivipanga mezani kimoja kimoja. Winchi alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, mikono ikiwa imefungwa ndani ya khanga, kama vitu vya mtu mwingine alivyoombwa kuvitunza.

"Wifi," alisema. "Mimi ndiye niliyemuua kaka."

"Usiseme hivyo."

"Nilinyoosha mikono. Niligusa shati lake. Nilikuwa nimeshalishika, wifi. Nikasema, hii mikono itamvunja. Itamvunja shingo kama yale mayai. Nikamwacha." Alikuwa halii. Alishalia yote. "Nesi alisema dakika ya kwanza. Dakika ya kwanza mimi nilikuwa nagonga mlango wa watu."

Mama Mayai aliweka kikombe chini. Maji yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye viwiko, na hakuyafuta. Alijua kwamba akinyamaza sasa, wifi yake atakwenda na neno hilo mpaka kaburini. Alijua pia kwamba akisema, kifo cha mumewe kitahama kutoka kwenye kigoda kile kuja kwake, na hakitamwondoka tena. Maji yakimwagika hayazoleki. Alivuta kigoda cha pili, akaketi mbele ya Winchi, magoti yakikaribia kugusana.

"Hukuvunja yai hata moja," alisema.

Winchi alimtazama.

"Niliyavunja mimi. Kwa kidole hiki. Nilikuwa nayafungulia kwenye chupa, namletea Fundi. Meneja aliponiuliza, nikasema yanavunjikia kwenye kubebwa. Nilidhani watakuhamisha." Sauti ilikuwa inamtoka bila kupanda wala kushuka. "Siku uliyonijia na barua nilitaka kusema. Siku ya mtoto nilitaka kusema. Sikusema. Wewe mikono yako haijawahi kuwa na kosa, wifi. Miaka saba yote. Mimi ndiye ninayesikiliza mayai, mimi najua. Yalikuwa yanafika kwangu mazima."

Alikuwa amejiandaa kwa kofi. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, kufukuzwa kwenye nyumba ya kaka wa mtu, kusikia jina lake likitangazwa uani. Yote hayo aliyataka. Winchi hakuinuka. Alitoa mikono yake ndani ya khanga, polepole, akaiweka juu ya mapaja, viganja juu, akaitazama.

"Hata moja?" aliuliza.

"Hata moja."

Nje kuna mtu aliburuta viti vya kuazima, akavipakia kwenye mkokoteni. Winchi alisubiri mpaka kelele ikaisha.

"Kwa hiyo ningeweza kumwinua," alisema.

Mama Mayai alitaka kusema chochote kingine duniani. "Ungeweza," alisema.